Anwani ya Faili Ifundishwe Vyuoni

Zana za kufundishia zinapozungumzwa katika kurasa kama hizi, aghalabu hutajwa chati, kadi za maneno, vizibo vya chupa vya kuhesabia na ramani za ukutani. Na kwa miaka ya karibuni imeongezwa kompyuta. Lakini kompyuta imeongezwa kwa namna ya pekee. Mwanachuo akifundishwa kutengeneza chati, hufundishwa pia jinsi ya kuikunja, kuihifadhi na kuibeba isichanike mpaka afike katika shule ya mazoezi ya kufundisha. Akifundishwa kutayarisha somo katika kompyuta, huachwa njiani: huonyeshwa jinsi ya kuweka picha na sauti, na hapo mafunzo hukoma. Jinsi ya kulifikisha somo hilo salama katika mashine nyingine haisemwi na mtu. Kwa maoni yetu hili ni pengo, na sehemu kubwa ya pengo hilo inahusu jambo moja ambalo wengi hulidharau kuwa ni la mafundi, yaani namna anwani ya faili inavyoandikwa na namna inavyotofautiana kati ya mfumo endeshi mmoja na mwingine.

Tuchukue hali ambayo ni ya kawaida. Mwalimu ametayarisha somo la wanyama wafugwao kwa Darasa la Tatu. Ametengeneza ukurasa unaofunguliwa kwa kivinjari, wenye picha za ng'ombe, mbuzi na kuku, na chini ya kila picha ameweka kiungo cha kusikiliza sauti ya mnyama huyo. Katika kompyuta ya chuo, yenye Windows, kila kitu kinakwenda sawa. Anainakili kazi yake katika flashi, anafika shuleni, anaifungua katika kompyuta yenye Linux. Maandishi yanatokea, lakini mahali pa picha pana visanduku vitupu, na viungo vya sauti haviitiki. Watoto wanangoja. Mwalimu anasema mashine ni mbovu; mwenzake anasema flashi imeingia virusi; na andalio la somo lililomkesha mtu siku mbili linawekwa kando. Kumbe mashine ni nzima, flashi haina virusi, na picha zote zimo ndani ya flashi ileile. Kilichokosewa ni anwani.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu linawaumiza zaidi wale wasio na kitu. Shule yenye intaneti ya uhakika haisumbuki sana: mwalimu hufungua picha kutoka mbali, na anwani ya mbali ni ileile awe anatumia mashine ya aina yoyote. Shule isiyo na intaneti hutegemea faili zilizomo ndani ya mashine yenyewe au ndani ya flashi, na faili hizo ndizo zenye anwani zinazobadilika. Tena shule hiyohiyo ndiyo ambayo aghalabu huwa na kompyuta za kupewa, moja ya aina hii na nyingine ya aina ile. Basi maarifa haya, ambayo mwalimu wa mjini anaweza kuishi bila ya kuyajua, kwa mwalimu wa kijijini ni sawa na kujua kuchonga chaki iliyovunjika.

Anwani ya faili ni kitu gani? Kivinjari kinapofungua faili iliyomo katika mashine yenyewe, juu yake huonekana maneno yanayoanza na file, yakifuatwa na nukta mbili na mikwaju mitatu. Mikwaju miwili ya kwanza hutangaza kwamba linafuata jina la mashine. Baada ya jina hilo huja mkwaju wa tatu, unaoanzisha njia ya kuifikia faili. Kwa kuwa faili imo katika mashine hiihii tuliyoikalia, jina la mashine huachwa tupu, na ndiyo maana mikwaju mitatu husimama pamoja bila ya neno katikati. Mwanachuo akilielewa hili hatahitaji kukariri idadi ya mikwaju. Atajua pia kwa nini file://C:/Masomo ni kosa: kwa mujibu wa kanuni, hapo C imekaa mahali pa jina la mashine. Vivinjari vingi husamehe kosa hili. Programu nyingine hazisamehi, nazo huanza kuitafuta mashine iitwayo C ambayo haipo duniani.

Kosa hili lina asili yake, na asili hiyo inafaa kujulikana. Katika Linux na katika kompyuta za Apple, njia ya faili huanza na mkwaju, kama /home/asha/somo.html. Mtu akibandika file:// mbele yake, mikwaju mitatu hupatikana yenyewe. Katika Windows njia huanza na herufi ya diski, kama C:\Masomo\somo.html, na akibandika vilevile hupata mikwaju miwili tu. Aliyejifunzia Linux huona amefaulu, kumbe amefaulu kwa bahati, na bahati hiyo humtupa siku anapobadilisha mashine. Kwa Windows hapana budi aongeze mkwaju wa tatu na kuigeuza mikwaju ya nyuma kuwa ya mbele, ipatikane file:///C:/Masomo/somo.html. Wale wanachuo wachache wanaojifunza kuandika programu wasiunganishe vipande hivi kwa mkono. Lugha ya Python, kwa mfano, tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014 inacho chombo cha pathlib ambacho huigeuza njia kuwa anwani kwa kufuata mfumo wa mashine iliyopo.

Mwanafunzi mdadisi atauliza kwa nini wengine wanaandika mkwaju wa mbele na wengine wa nyuma. Asikemewe, maana jibu lipo. Unix, ambao ulianza kutengenezwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1969, ulitumia mkwaju wa mbele kutenganisha folda, na Linux imerithi desturi hiyo. DOS ya mwaka 1981, ambayo ndiyo jadi ya Windows, haikuwa na folda ndani ya folda, na mkwaju wa mbele ulikuwa umekwisha kupewa kazi nyingine, ya kutanguliza maagizo ya ziada kwa programu. Folda zilipoingizwa katika DOS 2.0 mwaka 1983, ikabidi itafutwe alama nyingine, ukachukuliwa mkwaju wa nyuma. Kompyuta za Macintosh za zamani zilitumia nukta mbili, mpaka zilipohamia katika mfumo wa jamii ya Unix mwaka 2001. Anwani za wavuti, ambazo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1994, zilifuata mkwaju wa mbele, na kanuni ya anwani za file peke yake ilitolewa upya mwaka 2017. Tim Berners-Lee mwenyewe, aliyebuni wavuti, alikiri mwaka 2009 kwamba ile mikwaju miwili ya mwanzo haikuwa ya lazima. Hivyo hakuna hekima iliyofichwa hapa. Ni desturi za watu, kama sisi tulivyo na desturi zetu za kuandika tarehe.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe, kwani hapa ndipo ufundi wa mwalimu unapohitajika. Tumeona vitabu vinavyoieleza kwa mfano wa mti ulioota kichwa chini, mizizi juu na matawi chini. Mfano huo hatuupendi. Mtoto hajaona mti wa namna hiyo, na mwalimu hulazimika kwanza kuueleza mfano kabla ya kueleza jambo. Sisi tunao mfano ulio karibu zaidi, nao ni ukoo. Katika pwani yetu mtu hujulikana kwa nasaba: Juma bin Ali bin Hamisi. Tunaanza na mtoto, tunapanda kwa baba, tunafika kwa babu. Njia ya faili ni nasaba iliyosomwa kutoka juu: Hamisi, kisha Ali, kisha Juma. Folda ni mzazi, faili ni mtoto, na mkwaju unasimama mahali pa bin. Katika Linux jadi ni mmoja tu, na kila kilichomo katika mashine, hata flashi iliyochomekwa leo asubuhi, huingizwa katika ukoo wake. Katika Windows kila diski ni ukoo wake: ukoo wa C, ukoo wa D, ukoo wa E, wala hakuna babu mmoja anayewaunganisha.

Mfano huu unaeleza tatizo la flashi bila ya maneno mengi. Tuseme flashi iitwayo SOMO ina folda ya wanyama, na ndani yake imo picha ya mbuzi. Katika mashine moja ya Windows anwani ya picha itakuwa file:///E:/wanyama/mbuzi.jpg. Katika mashine ya Linux ya mtumiaji Asha yaweza kuwa file:///media/asha/SOMO/wanyama/mbuzi.jpg. Katika Macintosh itakuwa file:///Volumes/SOMO/wanyama/mbuzi.jpg. Na hata kati ya mashine mbili za Windows, herufi E yaweza kuwa D au F, kwa kutegemea vitu vingine vilivyochomekwa. Flashi ni mgeni anayepewa ukoo mpya kila nyumba anayoingia. Yule aliyeandika katika ukurasa wake nasaba nzima kuanzia kwa babu, ameandika nasaba ambayo ni ya kweli katika nyumba moja tu.

Lakini mtazameni mgeni huyo: babu amebadilika, ila watoto wake aliokuja nao hawakubadilika. Ukurasa wa somo na folda ya wanyama bado ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo ukurasa hauna haja ya kuanzia kwa babu. Waweza kusema tu wanyama/mbuzi.jpg, yaani mtazame ndugu yangu wanyama, kisha mtoto wake mbuzi.jpg. Hii ndiyo tunayoiita anwani ya jirani. Na ikiwa ukurasa wenyewe umo ndani ya folda nyingine, huandikwa nukta mbili mfululizo na mkwaju, ../sauti/mbuzi.mp3, maana yake panda kwa babu yangu, kisha teremka kwa ndugu wa mzazi wangu, sauti. Anwani ya jirani hufanya kazi katika Windows, katika Linux na katika Macintosh bila ya kubadilishwa herufi moja, madhali faili zote zinasafiri pamoja katika folda moja. Laiti chuo kingefundisha jambo moja tu katika haya yote, tungechagua hili.

Programu nyingi za kuandalia kurasa na maonyesho, mwalimu anapochagua picha kwa kubonyeza, huandika nasaba nzima bila ya kumwuliza. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba sikuandika mimi, imeandika mashine. Baada ya kuweka kiungo, mwanachuo akifungue akisome. Akiona C na nukta mbili, au akiona jina lake mwenyewe kama mtumiaji wa mashine, ajue kwamba kiungo hicho hakitatoka nje ya mlango wa chumba hicho.

Majina ya faili nayo yana mitego yake, na baadhi ya mitego hiyo inatuhusu sisi waandishi wa Kiswahili zaidi kuliko wengine. Mtego wa kwanza ni herufi kubwa. Kwa kawaida Windows huona Mbuzi.jpg na mbuzi.jpg kuwa ni faili moja. Linux huona faili mbili. Jambo hili hutatanisha zaidi kwa kuwa flashi nyingi hupangwa kwa mtindo usiobagua herufi, hivyo somo laweza kufanya kazi likifunguliwa ndani ya flashi katika mashine ya Linux, kisha likakataa mara tu linaponakiliwa katika diski ya mashine hiyohiyo. Mwalimu huapa kwamba dakika tano zilizopita aliiona picha, na anasema kweli.

Mtego wa pili ni nafasi kati ya maneno. Anwani haina nafasi. Mahali pake huandikwa alama ya asilimia na 20, na Wanyama wa Nyumbani.html huonekana Wanyama%20wa%20Nyumbani.html. Kivinjari hufanya ubadilishaji huo chenyewe, lakini anwani inaponakiliwa katika ujumbe au katika programu nyingine hukatika kwenye nafasi ya kwanza. Alama ya reli ni mbaya zaidi, kwa sababu katika anwani ina kazi ya kuonyesha sehemu ya ndani ya ukurasa. Faili iitwayo Somo #2.html itatafutwa kwa jina la Somo peke yake, isipokuwa reli imeandikwa %23. Na nukta mbili, ambazo walimu tunazipenda sana katika vichwa vya masomo, zinakubaliwa katika jina la faili la Linux na kukataliwa katika Windows.

Mtego wa tatu ni ritifaa. Lugha yetu ina ng'ombe, ng'ambo, ng'oa na kadhalika, na ritifaa hiyo katika kompyuta ina sura mbili: ile iliyosimama wima, itokayo kwenye kibodi, na ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hupenda kuibadilisha zenyewe tunapoandika. Jicho halitofautishi upesi, ila kwa mashine ni herufi mbili zisizojuana. Ile ya wima yaweza kuandikwa %27 katika anwani. Ile iliyopinda huwa %E2%80%99. Mwalimu akiipa picha jina la ng'ombe.jpg kwa ritifaa ya wima, kisha akaandika kiungo katika programu iliyoipinda ritifaa, ng'ombe hatapatikana kamwe, hata katika mashine ileile moja. Ushauri wetu ni kwamba katika jina la faili ritifaa iachwe, iandikwe ngombe.jpg. Tunajua walimu wenzetu wa lugha watanung'unika, na wana haki ya kulinda tahajia. Ng'oa na ngoa si neno moja. Lakini jina la faili si maandishi ya kusomwa na mtoto. Mtoto asome ng'ombe kwa tahajia kamili ndani ya ukurasa. Jina la faili ni alama ya kitasa tu, na pakiwa na hofu ya kuchanganya maneno mawili, tarakimu itasaidia. Herufi ndogo, tarakimu, na kistari mahali pa nafasi: majina ya namna hiyo husafiri kila mahali.

Lipo jambo la kupendeza katika haya, nalo ni kwamba somo la njia za faili halihitaji umeme. Chuo chenye mashine sita kwa wanachuo mia moja chaweza kulifundisha kwa makasha ya karatasi. Chukueni kasha kubwa, mliandike somo. Ndani yake wekeni makasha mawili madogo, picha na sauti. Ndani ya hayo wekeni kadi zenye majina ya faili. Mwanachuo mmoja ashike kadi iliyoandikwa ukurasa.html, asimame katika kasha la somo, na aseme kwa sauti jinsi ya kuifikia kadi ya mbuzi. Kisha lihamisheni kasha kubwa kutoka mezani hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi chini ya mwembe. Aliyesema mezani, kisha somo, kisha picha, atapotea kila linapohamishwa. Aliyesema picha, kisha mbuzi, hapotei. Mwisho mpeni kasha la sauti mtu aende nalo chumba kingine, ili ionekane ni lini hata anwani ya jirani inashindwa. Zoezi hili laweza kufanywa na Darasa la Tano bila ya kubadilishwa kitu, na walimu wataona jinsi watoto wanavyoligeuza kuwa mchezo.

Wapo wanaotupinga. Wengine husema siku za faili zimepita, kwa kuwa simu na vishikwambi vimeficha folda zote, na mtumiaji hubonyeza picha tu. Ni kweli kwamba vimeficha. Tena Android, tangu toleo la 7 la mwaka 2016, imezizuia programu mpya zisipeane anwani za file ovyo, kwa sababu za usalama, na vivinjari navyo haviruhusu ukurasa wa intaneti ufungue faili za mashine ya mtu. Lakini kufichwa si kuondolewa. Mwalimu anayetaka kuhamisha masomo ya muhula mzima kutoka simu kwenda kompyuta atakutana na folda zilezile.

Wengine husema kazi hii ni ya fundi. Tunawauliza: fundi yupi? Katika shule nyingi za msingi fundi hayupo, na akiitwa kutoka mjini huja kwa nauli ya shule, huichomoa flashi na kuichomeka tena, husema imepona, hulipwa, huondoka. Mara nyingine huishauri shule inunue mashine mpya. Tunaona ni aibu shule kutoa fedha za madaftari kwa kosa la herufi moja ambalo mwalimu, kama angefundishwa, angelisahihisha kwa dakika mbili kwa kukifungua kiungo na kukisoma.

Pendekezo letu kwa wakufunzi ni dogo. Mwanachuo anapoleta somo la kompyuta lipimwe, lisipimwe katika mashine aliyolitengenezea. Mkufunzi aipokee flashi, aifungue katika mashine ya mfumo mwingine, na kama chuo hakina mashine ya namna hiyo, basi ainakili folda katika mahali papya na kuibadilisha jina kabla ya kuifungua. Alama za somo zitolewe kwa kile kinachoonekana hapo. Na mwanachuo ambaye picha zake hazikutokea asikatwe alama na kuachwa. Akalishwe mbele ya mashine hiyo, akifungue kiungo cha kwanza, na aeleze kwa mdomo ni babu wa nyumba gani aliyemwandika.